Land Rover ya urithi: ikatwe iwe ya watalii au itunzwe kama ilivyo?

KWA anayepita kwenye gereji za Ngarenaro, jijini Arusha, kuona Land Rover iliyong'olewa injini au kukatwa chasisi si jambo la kushangaza. Mafundi wa Arusha wamejijengea jina kwa kazi hiyo: wanarefusha gari ili libebe watalii wengi zaidi, wanaweka paa linaloinuka ili mgeni asimame na kumtazama simba, na wanapachika injini ya Toyota ambayo spea zake hazisumbui kupatikana.

Kwa gari lililochoka, kazi hiyo ni ukombozi. Swali linakuwa gumu pale inapoletwa Land Rover ambayo imetembea kidogo, yenye injini yake ya kiwandani na rangi yake ya awali.

Tuchukue mfano wa familia ya Tengeru iliyoachiwa na baba Land Rover 110 ya miaka ya 1990. Mzee aliitumia kupeleka kahawa kiwandani na familia kanisani Jumapili, basi. Vijana wanataka ikatwe iingie kwenye utalii, ilipe ada za shule. Mama yao anataka ibaki kama mumewe alivyoiacha. Kila upande una hoja, lakini haujapiga hesabu.

Hesabu yenyewe

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila mwenye gari aweke za kwake. Tuseme gari likiuzwa kama lilivyo litaleta Sh milioni 35, na kulibadilisha kutagharimu Sh milioni 45. Likikodishwa kwa kampuni ya utalii kwa Sh 150,000 kwa siku, siku 100 kwa mwaka, litaingiza Sh milioni 15. Ukitoa bima, matairi, spea na matengenezo ya Sh milioni 5, zinabaki Sh milioni 10.

Vijana watagawa milioni 45 kwa milioni 10 na kusema fedha itarudi kwa miaka minne na nusu. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Gari lenyewe nalo ni mtaji, hata kama hawakulinunua. Mtaji uliowekwa ni Sh milioni 80, nao utarudi kwa miaka minane. Baada ya hapo, familia itabaki na gari lililochakazwa na mashimo ya barabara za hifadhini.

Aidha, siku 100 si za uhakika. Masika ya Aprili na Mei hupunguza wageni, na mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulionyesha kuwa watalii wanaweza kukauka kabisa. Vilevile, kampuni nyingi za utalii za Arusha zimehamia kwenye Toyota Land Cruiser, hivyo Land Rover inaingia sokoni ikiwa na mpinzani mwenye nguvu.

Thamani ya kuiacha

Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa Defender ya mwisho ya muundo ule wa zamani Januari 2016, kwa hiyo zilizobaki zinapungua kila mwaka. Marekani inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa nchini humo bila kulazimika kufikia viwango vya usalama vya magari mapya, jambo lililoongeza wateja wa Defender za zamani. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulitambua gari kuwa la kihistoria likitimiza miaka 30 na likiwa limetunzwa katika hali yake sahihi. Hapa nyumbani, tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 jijini Arusha lilionyesha jinsi magari haya yanavyopendwa.

Hata hivyo, kutunza si kuliegesha chini ya mwembe. Gari lisilotembea huharibika: mipira hukauka, breki hushika, panya hutafuna nyaya. Bodi ni ya aluminiamu lakini chasisi ni ya chuma, nayo huliwa na kutu. Mnunuzi naye hataamini mita ya kilomita peke yake. Atataka kuona kumbukumbu za matengenezo, na namba za injini na chasisi zinazolingana na kadi ya gari. Bila karatasi hizo, maneno kwamba gari "limetembea kidogo" ni hadithi tu.

Njia ya katikati

Mkulima wa Meru anajua kwamba mbuni uliozeeka ukikatwa shina huchipua upya. Chasisi ikikatwa haichipui. Huo ndio mstari wa kuzingatia: kila badiliko linalofunguliwa kwa spana ni la kujaribu, kila linalohitaji msumeno ni la kudumu.

Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi fundi ufunguo, chasisi ikaguliwe kwanza. Ikiwa imeoza, au injini ilishabadilishwa zamani, hakuna uasilia wa kulinda na gari lifanyishwe kazi bila majuto. Ikiwa nzima, familia inaweza kuanza na viti, matairi na keria vinavyofungwa kwa nati, huku vifaa vya awali vikihifadhiwa stoo, na kulikodisha kwa harusi au safari fupi. Injini ikilazimika kubadilishwa, ya zamani isiuzwe kama chuma chakavu, na mabadiliko yaandikishwe kwenye kadi ya gari.

Baada ya misimu miwili familia ya Tengeru itakuwa na hesabu halisi ya siku ambazo gari lilikodishwa. Zikiwa nyingi, msumeno bado utakuwepo Ngarenaro. Zikiwa chache, Land Rover ya mzee itakuwa bado nzima.