Barabara Njema si Lami

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, na neno hilo laifaa barabara pia. Lami nyeusi ing'aayo siku ya ufunguzi ni mlango tu. Uzima wa barabara umo chini yake, katika udongo ambao wapitao hawauoni. Kwa hiyo, kabla ya mashine kuanza kazi, udongo huo hauna budi kupimwa.

Mji wa Bujumbura watoa somo lililo wazi. Umelala katika tambarare ya Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake u karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari. Ardhi ya huko bondeni ililetwa na ziwa na mito: hapa mchanga, mbele kidogo mfinyanzi. Upande wa mashariki milima husimama ghafula. Barabara ya Taifa nambari 1 hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika mwendo usiofika kilomita 40, ikipita kwenye miteremko ambayo udongo wake ni mwingine kabisa. Mhandisi apimaye mahali pamoja akadhani ameijua njia nzima amejidanganya mwenyewe.

Kazi huanza kwa kuchimba mashimo kila baada ya umbali uliopangwa, na udongo wa kila tabaka hutiwa katika mfuko wake. Maabarani huchekechwa ili ijulikane changarawe ni kiasi gani, mchanga ni kiasi gani. Ule ulio laini huviringishwa kuwa uzi wenye unene wa milimita 3. Udongo ukubalio kuviringishwa hivyo una mfinyanzi, nao mfinyanzi huvimba unyweapo maji na kupasuka ukaukapo.

Kisha hufuata jaribio la kushindilia, ambalo Mmarekani Ralph Proctor alilieleza mwaka 1933. Kila mama akandaye unga wa chapati aijua siri yake: maji yakipungua, unga hausha­mani, yakizidi, huteleza mikononi. Vivyo hivyo kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho kwacho hushikamana kuliko vyote. Kiasi hicho kisipojulikana, mashine nzito hupita bure.

Jaribio kubwa kuliko yote ni la subira. Udongo ulioshindiliwa hutumbukizwa majini kwa siku 4, ndipo nguzo ndogo ya chuma hukandamizwa juu yake polepole ili kupima ukinzani wake. Kwa nini siku 4? Kwa sababu udongo mkavu hudanganya. Wakati wa kiangazi karibu kila ardhi huonekana imara. Masika ndiyo huonyesha ukweli.

Watu wa Bujumbura waujua ukweli huo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliteremsha maji na matope juu ya mitaa ya kaskazini ya mji, na makumi ya watu walipoteza maisha. Nao mto Ntahangwa, ukatao mji katikati, umekuwa ukizila kingo zake kwa miaka mingi, ukichukua nyumba na kutishia njia zilizo karibu. Kipimo cha udongo hakizuii mvua. Lakini humwambia mhandisi ni wapi pa kuondoa mfinyanzi na kujaza changarawe, wapi pa kuchanganya chokaa au saruji, wapi pa kujenga mtaro na ukuta wa mawe, na wapi pa kuipitisha njia mbali kabisa.

Hata mwenye kiwanja aweza kuanza uchunguzi nyumbani. Ajaze udongo theluthi moja ya chupa ya kioo, aongeze maji, atikise kwa nguvu, kisha aiache chupa itulie hadi kesho yake. Mchanga hutua kwanza, mfinyanzi mwishoni. Tabaka la juu likiwa nene, amwite fundi mwenye ujuzi kabla ya kununua tofali la kwanza.

Wako wasemao kwamba kupima ni kupoteza fedha na wakati. Lakini barabara iliyobomoka hujengwa mara ya pili kwa fedha ya wananchi wale wale, na wakati huo mgonjwa hacheleweshwi na maabara, bali na shimo lililo njiani kwenda hospitali.