Lubumbashi: Mkaaji wa Annexe anaweza kushitaki inchi Arusha, lakini miezi miwili inapita haraka

Kamiyo zinazobeba shaba ya Lubumbashi kwenda bandari ya Dar es Salaam zinapita Annexe, komini inayozunguka komini zingine sita za mji, kisha zinashuka Kasumbalesa. Pale zinaingia Zambia. Zinavuka inchi hiyo mpaka Nakonde, na ni upande wa pili, Tunduma, ndipo dereva anakanyaga udongo wa Tanzania. Wafanyabiashara wanaoenda kununua bidhaa Dar kwa barabara wanapita njia hiyo hiyo.

Kwa makaratasi, RDC na Tanzania ziko katika Jumuiya moja, ile ya Afrika Mashariki. Zambia haimo. Labda ndiyo sababu watu wengi wa Kalebuka, Kasungami ao Kisanga wanaona Jumuiya hii kama mambo ya Goma na Bukavu. Hata ukitaja Kenya hapa mjini, mtu anafikiri kwanza komini ya Kenya, ile ya kufika kwa taksi.

Lakini RDC imo kweli. Wakuu wa inchi walikubali ombi lake tarehe 29 Machi 2022, Rais Félix Tshisekedi akasaini mkataba Nairobi tarehe 8 Aprili, na tarehe 11 Julai mwaka huo RDC ikatoa karatasi ya kuidhinisha. Tangu Somalia iingie, inchi wanachama ni nane.

Mkaaji wa Annexe amepata nini? Uraia mpya hapana. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 1993, Mbelgiji ni raia wa Umoja pia, na anamchagua mwenyewe mbunge wake wa Ulaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina uraia wake. Kila mtu anaingia kwa uraia wa inchi yake, na kwa Mkongomani katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia huo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Bunge la Jumuiya liko Arusha, na RDC ina wabunge tisa mle kama kila inchi. Waliochagua hao tisa ni bunge la Kinshasa, wala si wapiga kura wa Annexe.

Kitu kikubwa alichopata kiko katika kifungu cha 30 cha mkataba. Kinasema kwamba mtu yeyote anayekaa katika inchi mwanachama anaweza kupeleka mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, sheria, uamuzi ao kitendo cha inchi mwanachama ikiwa kinavunja mkataba. Neno lililotumika ni mkaaji. Raia halikutajwa. Mzambia mwenye duka Luwowoshi anaingia humo sawasawa na aliyezaliwa Kasapa. Tena haombwi kwanza amalize tribinali zote za inchi yake.

Mlango huo umekwisha kutumika. Tarehe 13 Aprili 2011, wakili mmoja Mkenya, Samuel Mohochi, alifika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda. Alizuiwa, akarudishwa Nairobi bila kupewa nafasi ya kujitetea. Akashitaki. Mwezi wa Mei 2013 Mahakama ikaamua kwamba Uganda ilivunja mkataba na sheria ya soko la pamoja, na kwamba mamlaka ya inchi juu ya mipaka yake hayafuti ahadi ilizosaini. Kwa mama anayesafiri na pasipoti na mzigo wa vitenge, uamuzi huo una maana: afisa wa mpaka wa inchi mwanachama hawezi kumrudisha raia wa Jumuiya kwa kupenda kwake, bila sababu wala utaratibu wa sheria.

Kwa Annexe, kesi inayogusa zaidi ni ya Loliondo, kaskazini ya Tanzania, kwa sababu ni kesi ya udongo. Mwaka 2017, vijiji vinne vya Wamasai vilishitaki serikali yao nyuma ya nyumba kuchomwa na watu kufukuzwa. Septemba 2018 Mahakama ikaamuru kufukuza kusimame wakati kesi inaendelea. Juni 2022 serikali ikaweka mipaka mipya kwenye eneo la ugomvi hata hivyo. Septemba mwaka huo vijiji vikashindwa. Novemba 2023, kwenye rufaa, uamuzi huo ukatenguliwa na kesi ikarudishwa kusikilizwa upya. Kwa hiyo Arusha haina polisi wa kutuma, na kesi inakula miaka.

Parsele iliyouzwa mara mbili na watu wawili haiendi Arusha, ile ni ya tribinali za Lubumbashi. Kinachoweza kwenda ni kitendo cha serikali: kubomoa nyumba bila kufuata sheria, kwa mfano, kwa kuwa kifungu cha 6 cha mkataba kinalazimisha kila mwanachama kuheshimu utawala wa sheria. Pale RDC yenyewe ndiyo inashitakiwa. Na inajua njia ya kufika: imekwisha kuishitaki Rwanda mbele ya Mahakama hiyo hiyo.

Shida kubwa ni kalenda. Kesi inapashwa kufunguliwa ndani ya miezi miwili tangu siku kitendo kilipofanyika, ao tangu siku muhusika alipokijua. Mkataba wa kwanza, wa 1999, haukuwa na mpaka huo. Novemba 2006 Mahakama ilizuia wabunge wa Kenya kuapishwa Arusha kwa sababu ya namna walivyochaguliwa. Wakuu wa inchi walikasirika, na Desemba, mwezi mmoja tu, wakabadilisha mkataba na kutia miezi miwili ndani. Mwaka 2012 watetezi wa watu walioteswa Mlima Elgon, Kenya, walijaribu kusema kwamba mateso yasiyoadhibiwa bado yanaendelea, basi muda haujaisha. Mahakama ya rufaa ilikataa.

Miezi miwili ni mifupi kwa mtu wa Annexe. Lugha rasmi ya Jumuiya katika mkataba, kifungu cha 137, ni Kiingereza. Kiswahili kimewekwa pale kama lugha ya mawasiliano ya kuendelezwa. Basi malalamiko ya mtu anayeongea Kiswahili kila siku, yaliyoandikwa na avoka wake kwa Kifaransa, yanapashwa kugeuzwa Kiingereza kabla ya kupelekwa mji ambapo sokoni watu wanaongea Kiswahili. Avoka wa Lubumbashi mwenyewe anaweza kusimama kule: mkataba unamkubali wakili yeyote mwenye haki ya kutetea mbele ya mahakama za juu za inchi mwanachama.

Wenye kuona njia hiyo ndefu wakumbuke upande wa pili. RDC iko pia SADC tangu 1997, pamoja na Zambia, na SADC ilikuwa na tribinali yake Windhoek, Namibia. Mwaka 2008 tribinali hiyo iliwapa haki wakulima wa Zimbabwe walionyang'anywa mashamba. Mwaka 2010 wakuu wa inchi wakaisimamisha, na protokole ya 2014 inaacha ugomvi wa inchi kwa inchi tu. Mtu aliyeonewa Kasumbalesa na afisa wa Zambia hana mlango huo tena. Aliyeonewa Tunduma, upande wa Tanzania, anao, na hesabu yake inaanza na tarehe iliyo kwenye muhuri wa pasipoti ao kwenye karatasi aliyopewa siku ile.