Ngeli, Theluji na Ujirani: Uundaji wa Mji wa Kubuni wa Watu na Wanyama kwa Wasomaji wa Gihosha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mji wa kubuni wa milimani, wenye theluji na unaokaliwa na watu pamoja na wanyama, unavyoweza kujengwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa Gihosha, mjini Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba ulimwengu wa aina hiyo hausimami kwa wingi wa mapambo yake, bali kwa uthabiti wa kanuni mbili: kanuni ya baridi na kanuni ya ujirani. Ya kwanza inapatikana katika milima ya Afrika Mashariki yenyewe. Msingi wa ya pili umo katika upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa watunzi wa vitabu vya shule na washauri wa sera.

1. Utangulizi

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimepata nafasi katika shule zake. Hata hivyo, wasomaji wake hawafanani. Katika mtaa wa Buyenzi, Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya biashara tangu enzi za ukoloni. Gihosha, mtaa ulio kwenye vilima vya kaskazini-mashariki mwa jiji, una watoto wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Kirundi. Kwa msomaji huyo, hadithi ya Kiswahili huwa na kazi mbili kwa pamoja: kumburudisha na kumzoesha lugha.

Hadithi ya mji wa theluji humwongezea ugeni wa tatu. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote nchini, unazidi kidogo mita 2,600. Hakuna theluji huko. Mtunzi akiazima mji mzima kutoka Ulaya, pamoja na mabomba ya moshi na magari ya kuburutwa thelujini, msomaji hupewa picha asiyoweza kuikadiria. Hajui lipi linawezekana katika mji huo na lipi haliwezekani, na asipojua hayo hawezi kuhofia jambo lolote kwa ajili ya wahusika.

2. Urithi wa nchi za kubuni

Kiswahili hakianzi kutoka patupu katika uwanja huu. Shaaban Robert aliunda Kusadikika, nchi iliyo angani, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1951. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, baada ya kifo chake. Nchi hizo hazisimuliwi kwa maelezo marefu ya mandhari. Kusadikika hujulikana kupitia mashtaka ya Karama na utetezi wake mbele ya mfalme. Kwa maneno mengine, msomaji huingia nchini kwa mlango wa sheria.

Kuhusu wanyama, urithi huo una mpaka wake. Katika Adili na Nduguze, Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani kwa sababu ya uovu waliomtendea ndugu yao. Unyama hapo ni adhabu, na msamaha ni kurudishiwa ubinadamu. Katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kazi ya George Orwell iliyotolewa mwaka 1967, wanyama wanamfukuza mwanadamu ili wajitawale. Mji wa pamoja unadai jambo la tatu: mnyama aliye mkazi, asiyeadhibiwa kwa umbo lake wala asiyelazimika kumwondoa jirani yake.

Kwa kufuata utaratibu wa majina wa Shaaban Robert, mji wa mfano katika makala haya utaitwa Kukalika. Jina hilo lina swali ndani yake: mahali hapa panakalika kwa nani?

3. Kanuni ya baridi

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari aliuita weupe huo "baridi" tu. Rebmann alirekodi pia masimulizi ya watu waliopanda kuuchunguza: kitu kilichong'aa kama fedha kiligeuka maji kilipoteremshwa. Jibu la kiongozi yule lina manufaa kwa mtunzi, kwa kuwa linataja athari ya kitu kabla ya jina lake. Neno theluji, lenye asili ya Kiarabu, laweza kufuata baadaye. Kirundi nacho kina urubura, neno litajalo mvua ya mawe, ambayo mtoto wa nyanda za juu za Burundi anaijua kwa kelele zake juu ya bati. Katika Rwenzori, Wakonzo wana nzururu, neno la theluji linalosikika katika jina la ufalme wao, Rwenzururu.

Milima hiyo inatoa kanuni ambayo Ulaya haina. Karibu na ikweta, tofauti kubwa ya joto haipo kati ya misimu bali kati ya mchana na usiku. Juu ya mita 4,000 hivi, umande huganda usiku na kuyeyuka asubuhi. Mimea mikubwa ya jamii ya lobelia hukunja majani yake kila jioni kulinda chipukizi, na pimbi wa Mlima Kenya huota jua juu ya miamba kabla ya kwenda kula. Kukalika ikifuata kanuni hii, maisha yake yote hupata saa. Maji hutiririka baada ya jua kupanda, na njia hugeuka barafu baada ya jua kuzama. Wenye manyoya mazito hushika zamu ya usiku, na wenye mikono hutunza moto. Kila kundi lina jambo ambalo jingine haliliwezi, na hapo ndipo deni baina ya majirani huanza.

Gihosha nayo ina mchango wake. Mto Ntahangwa umekuwa ukimega kingo zake na kutishia nyumba zilizo jirani. Mtoto anayejua kwamba ardhi huweza kuondoka chini ya ukuta hahitaji maelezo marefu ili aelewe poromoko la theluji.

4. Kanuni ya ujirani

Katika Kirundi husemwa umuntu araza, "mtu anakuja", lakini imbwa iraza, "mbwa anakuja". Kitenzi humtenga mbwa na mtu. Katika Kiswahili sanifu, wote wawili wanakuja kwa kiambishi kimoja: mtu anakuja, mbwa anakuja. Ingawa nomino mbwa ina umbo la ngeli ya I-ZI, upatanisho wake ni wa A-WA. Mwanafunzi mwenye Kirundi huweza kuikosa kanuni hii kwa sababu lugha yake ya kwanza humvuta upande mwingine. Hadithi ya Kukalika humrudia kanuni hiyo katika kila sentensi, na humpa sababu ya kuikumbuka.

Aidha, Kiswahili kina njia ya kumshusha kiumbe: kijibwa kile kinakuja. Mtunzi anaweza kuifanya njia hiyo kuwa kosa la kisheria mjini. Karani anayeandika daftari la wakazi kwa kile badala ya yule atakuwa amemvua mtu ujirani kwa silabi moja, na kesi nzima yaweza kuzaliwa hapo.

Hata hivyo, sarufi haitoshi. Mbuzi amechinjwa ni sentensi sahihi, na upatanisho wake haukumwokoa mbuzi. Ngeli inatambua uhai, haitoi haki. Ndiyo maana Kukalika lazima ijibu swali la nyama: chui atakula nini, na nani atamlipa kwa njaa yake? Vivyo hivyo maamkizi. Amashyo, salamu ya Kirundi inayomtakia mtu makundi ya ng'ombe, ni baraka mjini Bujumbura. Mahali ambapo ng'ombe ni jirani, salamu hiyo humtakia mtu amiliki majirani. Mji utatafuta salamu mpya, na mzee atakayekataa kuiacha ya zamani atakuwa na hoja zake.

5. Hitimisho na mapendekezo

Suala hili halihusu burudani peke yake. Kati ya mwaka 1912 na 2011, eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kutoka kilomita za mraba 11.40 hadi 1.76. Mwaka 2022, UNESCO ilionya kwamba barafu katika maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika huenda ikatoweka ifikapo mwaka 2050. Mwanafunzi wa leo huenda akawa mtu mzima katika ukanda ambao theluji yake imebaki katika maneno tu.

Kwa hiyo inapendekezwa, kwanza, kwamba miongozo ya kutathmini hadithi za shule iulize kama ulimwengu wa kubuni una kanuni zinazofuatwa hadi mwisho. Pili, istilahi za baridi na barafu zikusanywe kutoka lugha za jamii za milimani, Kikonzo na Kichaga zikiwemo, kabla ya kubuni mpya. Tatu, vitabu vinavyokusudiwa shule za Burundi vitumie hadithi za wanyama kwa makusudi kufundishia upatanisho wa A-WA, kwa kuwa hapo ndipo Kirundi na Kiswahili hutengana.