Somo la Useremala: Mbao Mbichi na Mbao Kavu

Leo tutazungumza habari za useremala, na hasa jambo moja ambalo fundi anayeanza hulidharau, nalo ni maji yaliyomo ndani ya mbao.

Ninyi mkaao pwani ya Ziwa Nyasa, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, mnamjua fundi wa mtumbwi. Yeye huchonga gogo likiwa bichi, kwa kuwa ni laini, na mtumbwi kazi yake ni majini. Kiti sivyo. Kiti hukaa nyumbani, na humo mbao huendelea kukauka. Ubao ukikauka husinyaa kwa upana na unene. Kwa urefu husinyaa kidogo sana. Basi ule ulimi ulioupiga nyundo ukabana katika tundu lake, hupungua, na mguu hulegea. Mteja hatasema mti ulikuwa mbichi. Atasema fundi hajui kazi, na fedha zake atazidai.

Wakulima wa kahawa wa Mbinga huanika kahawa juu ya chanja ili hewa ipite chini. Mbao nazo ziinuliwe juu ya magogo, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti vya unene mmoja. Lakini kahawa hupenda jua. Mbao zataka kivuli. Jua kali hukausha nje, ndani kungali kubichi, na ubao hupasuka. Ncha zake zipake rangi ya mafuta, maana huko maji hutoka upesi. Mafundi wengi hukadiria mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Wengine hugonga ubao wakasikiliza mlio. Siwakatazi, ila mimi naamini mizani. Kata kipande cha unene uleule, paka ncha zake rangi, kipime, kisha uandike juu yake tarehe na uzito kwa kalamu ya risasi. Kiweke pamoja na mbao, ukipime kila mwezi. Uzito usipopungua tena, shika randa.

Ukienda kujifunza kazi, iwe Peramiho, walikofika Wabenedikto mwaka 1898, au kwa fundi wa kijijini kwako, mwulize kwanza mbao zake amezianika wapi.

Hesabu ya kufanya: Kipande kilikuwa gramu 640, kisha 600, 575, 560, 560 na 560. Je, kimepoteza gramu ngapi za maji?