Stelingi Wawili, Kitabu Kimoja

Ubishi wa vijiweni haujabadilika: fulani akikutana na fulani, nani atatoka mzima? Wachapishaji wa katuni wa Marekani walinusa biashara katika ubishi huo zamani sana. Juni 1940, Marvel Mystery Comics toleo la 8 lilimkutanisha Namor, mtu wa baharini, na Human Torch, mwenye mwili wa moto. Maji na moto! Hilo ndilo linalohesabiwa kuwa pambano la kwanza la mashujaa waliokwisha kuwa na hadithi zao wenyewe. Lilivuka hadi matoleo yaliyofuata, likaisha sare.

Kwa jalada lenye umati, wengi humtaja Superman dhidi ya Muhammad Ali, kazi ya Neal Adams ya mwaka 1978. Miaka minne baada ya Ali kumwangusha Foreman kule Kinshasa, anapanda ulingoni angani na kumtwanga Superman aliyepungukiwa nguvu. Ulingo umezungukwa na watu mashuhuri 172, Rais Carter akiwemo.

Iliyosubiriwa kuliko zote: JLA/Avengers, makundi ya mashujaa wa kampuni mbili pinzani, DC na Marvel. Ilipangwa itoke 1983, kampuni hizo zikashindwa kuelewana, nayo ikatoka 2003, ikiwa bado mikononi mwa mchoraji yuleyule, George Pérez. Ya ajabu kuliko zote ni ile ya 1994, Archie, kijana wa shule na vichekesho vyake, alipokutana na Punisher, muuaji wa majambazi. Tuiache hapo.

Iliyo bora, kwangu, haina umati wowote. Ni Batman toleo la 253, mwaka 1973, Batman anapokutana na Shadow. Huyu Shadow alikuwa stelingi wa riwaya pendwa zilizochapwa kwenye karatasi duni na kuuzwa kwa senti chache kuanzia 1931. Zilitoka riwaya 325, na Walter Gibson peke yake aliandika 282 kati ya hizo. Mwandishi wetu anayelalamika kukosa muda aitazame namba hiyo tena. Bill Finger, aliyeandika kisa cha kwanza cha Batman mwaka 1939, alikiri baadaye kwamba alikichota kutoka hadithi ya Shadow. Kwa hiyo Batman anapomwambia mzee huyo kwamba alikuwa kielelezo chake, ni deni la kweli linalipwa mbele ya wasomaji. Mapambano mengi hutuuliza nani mwenye nguvu. Hili linatuonyesha nani alimzaa nani.

Sisi nasi tuna mashujaa wa riwaya pendwa ambao wangestahili kukutana. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi wa serikali, mtu wa amri na wakubwa. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mpelelezi wa kujitegemea, hana bosi. Waweke kwenye kesi moja Dar es Salaam uone watakavyoviziana kabla ya kumvizia adui. Kisha mlete kutoka Unguja mkubwa wao, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni. Wachoraji, ombeni ruhusa kwa warithi mwanze kazi. Dau langu naliweka kwa Bwana Msa: ataifumbua kesi vijana wakiwa bado wanakimbizana na magari.