Difu ya Kuvutia Tela: 3.73 au 4.10?

Barabara ya jimbo namba 68 huko Arizona, Marekani, huanzia karibu na mji wa Bullhead City, kando ya Mto Colorado, na kupanda jangwani kwa takriban kilomita 18 hadi kwenye mwinuko wa Union Pass. Wahandisi wa magari huuita mlima huo Davis Dam, na kiwango cha kupima uvutaji wa tela kinachojulikana kama SAE J2807 kimejengwa juu yake. Masharti yake ni makali. Joto la nje lisipungue nyuzi 38, kiyoyozi kiwashwe hadi mwisho, na pikapu yenye tairi moja kila upande wa nyuma isishuke chini ya kilomita 64 kwa saa huku ikivuta uzito wote ambao mtengenezaji ameutangaza.

Kwenye mlima wa namna hiyo ndipo mnunuzi hugundua kama alichagua difu inayomfaa. Mfano mzuri ni Ram 2500 ya petroli iliyotoka mwaka 2019, yenye injini ya lita 6.4, nguvu farasi 410 na giaboksi ya otomatiki ya gia nane. Injini ni ileile na giaboksi ni ileile, ila kwenye fomu ya kuagizia gari kuna difu mbili za kuchagua: 3.73 na 4.10.

Ndani ya difu, pinioni ndogo iliyo mwishoni mwa propela shafti huzungusha krauni kubwa, na krauni hupeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukigawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni unapata namba ya difu. Kwa kawaida meno 41 kwa 11 ndiyo hutoa 3.73, na meno 41 kwa 10 hutoa 4.10. Kwa maneno mengine, propela itazunguka mara 3.73 au mara 4.10 kabla gurudumu halijamaliza mzunguko mmoja. Kupungua kwa jino moja la pinioni huongeza karibu asilimia 10 ya nguvu ya kusukuma inayofika kwenye tairi, gia ikiwa ileile. Injini nayo hulipia nyongeza hiyo kwa kuzunguka asilimia 10 zaidi katika mwendo uleule.

Kwa nini suala hili ni zito zaidi kwa petroli kuliko dizeli? Jibu liko kwenye toki, yaani nguvu ya kuzungusha. Dizeli ya Cummins ya lita 6.7 iliyowekwa kwenye Ram 2500 hiyohiyo ya mwaka 2019 ilikuwa na nguvu farasi 370, pungufu kuliko petroli. Lakini toki yake ilifika nyutoni-mita 1,150 hivi kwenye mizunguko 1,700 tu kwa dakika. Petroli ya lita 6.4 hutoa kama 580, tena kilele chake kiko kwenye mizunguko 4,000, na nguvu farasi zote 410 hupatikana injini ikifika 5,600. Injini ya petroli hufanya kazi kubwa ikizunguka kwa kasi. Dereva aliyezoea dizeli husikia mngurumo huo mlimani akadhani injini inaumia, akaachia mafuta, na kumbe ameinyima nafasi ya kufanya kile ilichoundwa kufanya.

Hesabu inaonyesha vizuri zaidi. Tairi la 275/70R18, ambalo ni la kawaida kwenye pikapu hizo, lina mzingo wa takriban mita 2.65. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, tairi huzunguka mara 504 hivi kwa dakika. Gia ya tatu ya Ram ina uwiano wa karibu 2.10. Kwa difu ya 3.73, injini itazunguka kama mara 3,950 kwa dakika, kwa 4.10 itafika 4,340. Nguvu farasi ni toki mara mizunguko, na kwa kuwa toki ya injini hii haijaanza kuporomoka hapo, difu ya 4.10 humpa dereva zaidi ya nguvu farasi 20 za ziada bila kubadili kitu kingine. Je, mwenye 3.73 hawezi kushuka hadi gia ya pili? Akishuka, injini itaruka hadi mizunguko 5,900, juu ya kilele cha nguvu zake. Kwa hiyo atabaki kwenye gia ya tatu na kuona mwendo ukipungua taratibu.

Ni kweli kwamba giaboksi zenye gia nyingi zimepunguza ukubwa wa tatizo. Katika kilomita 100 kwa saa, gia ileile ya tatu huipeleka injini hadi 4,900 au 5,400 hivi, na difu zote mbili hufanya kazi vizuri. Gia zilipokuwa nne tu, kama kwenye pikapu nyingi za miaka ya 1990, pengo kati ya gia na gia lilikuwa kubwa na difu ndiyo iliyoamua karibu kila kitu. Injini yenyewe pia huamua. Chevrolet ilipoacha injini ya petroli ya lita 6.0 na kuleta ya lita 6.6 kwenye pikapu zake nzito za mwaka 2020, toki ilipanda kutoka nyutoni-mita 515 hadi 629. Giaboksi ilibaki ya gia sita, na difu ikashushwa kutoka 4.10 hadi 3.73.

Lakini kuna mahali ambapo gia nyingi hazisaidii: gia ya kwanza na ya kurudi nyuma. Chini ya gia ya kwanza hakuna gia nyingine ya kukimbilia. Gia ya kwanza ya Ram, 4.71, ikizidishwa kwa 3.73 huleta 17.6, kwa 4.10 huleta 19.3. Ford F-250 yenye petroli ya lita 7.3 huonyesha tofauti kubwa zaidi: kwa difu ya 3.55 jumla ni kama 16.4, na kwa 4.30 ni kama 19.8, yaani zaidi ya asilimia 20. Anayetoa boti majini kwenye mteremko wenye utelezi, au anayerudisha tela zito kwa kupandisha mlima, huitegemea namba ya difu moja kwa moja.

Mambo mawili hula nguvu hiyo kimyakimya. La kwanza ni tairi kubwa. Ukitoa tairi lenye kipenyo cha milimita 842 ukaweka la milimita 889, lile la inchi 35, difu ya 3.73 huwa kama 3.53, na ya 4.10 kama 3.88. La pili ni mwinuko. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwenye Handaki la Eisenhower, Colorado, lililo mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, karibu theluthi moja ya nguvu farasi 410 haipo.

Vipi kuhusu mafuta? Gari likiwa tupu, gia ya nane, kilomita 100 kwa saa, 3.73 huzungusha injini mara 1,570 na 4.10 mara 1,730. Tofauti ya mizunguko 160 si ya kumtisha mtu anayevuta tela kila wiki.

Anayenunua gari lililotumika asitegemee maneno ya muuzaji peke yake. Gari likiwa mahali tambarare, magurudumu ya mbele yamewekewa vizuizi, ya nyuma yameinuliwa juu ya stendi imara na gia iko huru, azungushe magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja mzunguko mmoja kamili huku mwenzake akihesabu propela. Ikizunguka pungufu kidogo ya mara tatu na robo tatu, ni 3.73. Ikipita nne kidogo, ni 4.10. Kubadilisha baadaye ni kazi ya fundi mzoefu: krauni na pinioni hubadilishwa pamoja, nafasi kati ya meno hupimwa kwa vipimo vidogo mno, na kwenye gari la 4x4 difu ya mbele lazima ifanane na ya nyuma. Kuagiza kutoka kiwandani ni nafuu zaidi.

Anayevuta tela la tani mbili kwenye barabara tambarare, mara chache kwa mwaka, 3.73 itamtosha. Anayevuta tani nne au tano mara kwa mara, kwenye milima au kwa tairi kubwa, achukue 4.10 kwa Ram au 4.30 kwa Ford. Hata hivyo difu haiongezi uwezo wa springi, tairi wala breki. Tela la tani tano huweza kukandamiza ndoano kwa kilo 500 hadi 750, na uzito huo huhesabiwa kama mzigo wa pikapu. Kabla ya kutia saini, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha mzigo unaoruhusiwa.