Laptopu ina Matundu Mawili, Vifaa ni Sita: Tufanyeje?

Laptopu zinazoletwa katika ofisi za vikundi vyetu siku hizi ni nyembamba na nyepesi, na kadiri zinavyozidi kuwa nyembamba ndivyo matundu ya kuchomekea vifaa yanavyozidi kupungua. Za zamani zilikuwa na matundu matatu au manne. Ya leo unaweza kuikuta na mawili, na moja ndilo hilo hilo la chaja. Lakini kazi haijapungua hata kidogo. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anahitaji printa ya kutoa risiti, diski ya nje ya kutunzia nakala za hesabu, kipanya, modemu ya intaneti, skana ya vitambulisho, na siku ya mkutano mkuu anataka na projekta. Basi mama wa watu anachomoa hiki, anachomeka kile, tangu asubuhi hadi jioni.

Huko kuchomoa-chomoa ndiko kunakotuharibia. Tundu hulegea, waya hukatika kwa ndani, na kibaya zaidi diski huchomolewa wakati bado inaandika. Kikundi kimoja nilichokuwa nikikitembelea kilipoteza hesabu za mikopo za miezi mitatu kwa njia hiyo. Printa ilihitajika haraka, mtu akachomoa diski, na lile faili halikufunguka tena. Ikabidi kila mwanachama alete kadi yake ili hesabu ziandikwe upya, na kwa wale waliokuwa wamepoteza kadi, ee, mabishano yake acha tu.

Dawa ya jambo hili inauzwa madukani, nayo huitwa habu. Ni kijisanduku kidogo chenye waya mmoja unaoingia kwenye laptopu, na matundu manne au saba upande wa pili. Ni kama ile ekstensheni ya stima tunayotumia nyumbani. Ufundi wa USB, ambao ndio habu hutumia, ulitolewa mwaka wa 1996 kwa nia hasa ya kuondoa ile fujo ya kila kifaa kuwa na tundu lake la aina yake. Kwa kanuni zake, kidhibiti kimoja ndani ya kompyuta kinaweza kutambua vifaa hadi 127. Kwa hivyo idadi ya vifaa si shida. Shida ni chakula.

Nasema chakula kwa sababu waya wa USB haupitishi habari peke yake, unapitisha pia nguvu ya umeme. Fikiria tangi la maji lenye bomba moja jembamba. Unaweza kufunga mifereji minne kwenye bomba hilo, na mmoja ukifunguliwa maji yatatoka vizuri. Fungua yote minne kwa wakati mmoja uone: kila mama ataambulia matone. Tundu la USB la kawaida, lile liitwalo 2.0, hutoa volti 5 na miliampea 500 basi. Habu isiyo na umeme wake yenyewe hujitengea hadi 100 kwa kazi yake, na kubakiza 400 za kugawanya, yaani 100 kwa kila tundu ikiwa matundu ni manne. Kipanya kitashiba hapo. Kibodi pia. Lakini diski ya nje yenye sahani inayozunguka yaweza kutaka 500 na zaidi, hasa dakika ile inapoanza kuzunguka. Tundu jipya zaidi, la 3.0 lililotoka mwaka wa 2008, hutoa 900, na mara nyingi utalitambua kwa ulimi wake wa rangi ya bluu. Hilo lina nafuu, lakini nalo lina kikomo.

Diski ikishikwa na njaa haisemi. Taa yake itawaka, utafikiri mambo ni sawa, kumbe ndani inagonga tik, tik, tik. Mara inaonekana kwenye kompyuta, mara imepotea. Watu wengi hapo husema diski imekufa na kumpelekea fundi, na pesa zikatoka bure.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ofisi inunue habu yenye adapta yake ya kuchomeka ukutani. Hiyo haitegemei laptopu kwa chakula, inategemea laptopu kwa habari tu. Bei yake ni kubwa kidogo kuliko ile ya kawaida, na wanakamati watauliza kwa nini. Waelezeni habari ya tangi la maji, wataelewa mara moja.

Sasa kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Sisi tunajua stima ilivyo huku kwetu. Stima ikipotea, laptopu itaendelea kwa betri yake, lakini habu ya ukutani hukosa nguvu papo hapo, na kila kilichokuwa kimetundikwa pale kinakatika, hata kama kilikuwa katikati ya kuandika. Kwa sababu hiyo mimi husema diski ya nakala isiwekwe kwenye habu kabisa. Ipewe tundu lake kwenye laptopu yenyewe, na vile vifaa vingine vyote vigombanie habu. Na kabla ya kuichomoa, iambie kompyuta iiachilie kwanza, ungoje ikujibu kwamba ni salama. Ni sekunde chache tu.

Printa na skana kubwa zina waya wao wa stima, kwa hivyo hazili chakula cha laptopu. Weka popote. Modemu ndogo ya laini ya simu ina tamaa, maana inapotafuta mtandao hula sana kwa ghafla. Kama inakatika-katika, ihamishe hadi kwenye habu ya adapta. Simu za vijana wa ofisini zichajiwe ukutani. Najua watanung'unika.

Mwendo pia hugawanywa. Habu ya 2.0 ina njia moja ya megabiti 480 kwa sekunde, na vyote vilivyo juu yake vinapita njia hiyo hiyo. Kwa risiti na barua hutaona tofauti. Ukinakili video za harusi huku skana inafanya kazi, utaiona. Tena, wale wenye kipanya kisicho na waya wakiona kinarukaruka, wasikimbilie kubadilisha betri. Vifaa vya 3.0 hutoa kelele ya redio inayogusa mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo vipanya vingi hutumia. Kile kipokezi chake kidogo kiweke mbali na diski, upande wa pili wa laptopu, na mara nyingi ugonjwa huisha.

Tundu jipya la mviringo, USB-C, lililoanza mwaka wa 2014, limewachanganya wengi. Umbo ni moja lakini uwezo ni tofauti. Mengine hupitisha habari tu, mengine hupokea chaja, mengine hupeleka na picha kwenye projekta. Ukinunua habu ya USB-C yenye tundu la HDMI na tundu la laptopu yako halitoi picha, projekta itabaki giza, na si kosa la habu. Soma kijitabu cha laptopu kabla ya kutoa pesa. Ukichaji kupitia habu, jua kwamba nayo hujikatia sehemu yake. Chaja ya wati 65 haitafikisha zote 65.

Kabla ya kununua chochote, hesabu kwanza ni vifaa gani vinaweza kuacha tundu kabisa. Printa nyingi za sasa zinapokea kazi kwa Wi-Fi. Kipanya cha Bluetooth hakihitaji tundu. Simu inaweza kugawa intaneti badala ya modemu. Ofisi nyingine zikifanya hivyo zitagundua hazihitaji habu hata kidogo.

Siku ya kwenda dukani, beba laptopu, diski, modemu na kipanya. Angalia maandishi ya adapta: nyingi za habu ndogo ni volti 5, na ile ya ruta ya volti 12 inaweza kuwa na ncha inayoingia sawasawa na kuunguza kila kitu, kwa hivyo ifungeni na habu yake isitenganishwe. Chomeka vyote kwa pamoja pale pale kaunta, kisha nakili faili kubwa kwenda kwenye diski huku modemu iko hewani. Ikikatika, mrudishie muuzaji kabla hujalipa.